“Used to” na maji ya kunywa mlimani

Kabla sijaanza kufundisha Kiingereza nilikuwa mgumu. Kwa asiyeijua lugha ya mlimani, wagumu ni wapagazi, wale wanaopandisha mahema, masufuria na mabegi Kilimanjaro ili wageni wapande na chupa ya maji na kamera tu. Safari moja ya njia ya Machame tulilala Shira usiku wa pili, zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, na mimi nilikuwa na zamu ya kupeleka chakula kwenye hema la kulia. Mama mmoja wa makamo aliinua kikombe, akakitazama kwenye mwanga wa taa, akauliza kama maji yale ni salama. Mpishi wetu, mzee aliyeanza kupanda mlima ule kabla mimi sijazaliwa, akajibu kwa kujiamini: “No problem, madam. We used to boil the water.”

Hema zima likanyamaza. Yule mama akakishusha kikombe taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye trei. Mgeni mwingine akauliza, “And what do you do now?” Mzee akadhani anaulizwa kinachoendelea jikoni. “Now I am making soup,” akasema, akatoka akitabasamu. Usiku ule wageni sita walitia vidonge vya kusafishia maji kwenye maji ambayo mimi mwenyewe niliyaona yakitokota kwenye jiko la gesi mpaka kifuniko kikacheza.

Mzee alitaka kusema, “Huwa tunachemsha maji.” Alichosema ni, “Zamani tulikuwa tunachemsha maji,” na kwenye sikio la mgeni sentensi ile ina mkia usiotamkwa: siku hizi tumeacha.

Sasa ninafundisha waongozaji watalii jioni, na kosa la mzee nakutana nalo kila muhula. Mtu aliyetoka kanisani jana ananiandikia “I used to go to church every Sunday.” Mwingine, kwenye barua ya kuomba kazi, anaandika “I am used to wake up early.” Na hawa si watu wasiojua Kiingereza. Wamemaliza kidato cha nne au cha sita, wanaeleza jinsi volkano inavyolipuka bila kukwama, ila maneno haya mawili yanawateleza mikononi kama kambale. Nimefikia kuamini kwamba chanzo cha tatizo hakiko kwenye Kiingereza peke yake. Nusu yake imejificha kwenye neno letu wenyewe, zoea.

Angalia linavyotutega. Shuleni, mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba kiambishi hu-, cha “huamka”, “hula”, “huchemsha”, kinaonyesha hali ya mazoea. Chumba cha pili, mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni kwamba “used to” ni kuzoea. Mwanafunzi mwenye akili zake anajumlisha: hu- ni mazoea, “used to” ni mazoea, kwa hiyo “used to” ni hu-. Hesabu imepangwa vizuri, jibu limekosewa. Hu- haina wakati. “Jua huchomoza mashariki” ilikuwa kweli jana na itakuwa kweli kesho. “Used to”, kwa matumizi yake ya kwanza, imefungiwa wakati uliopita na ufunguo umetupwa. Hakuna namna ya kuirudisha kwenye leo.

Basi tuyatenganishe, maana maneno haya mawili yanafanya kazi tatu zisizofanana, na ubaya ni kwamba kwenye maandishi zote zinavaa sare moja.

Kazi ya kwanza ndiyo ile iliyomponza mzee. Unachukua “used to”, unaifuatisha kitenzi kitupu, na unapata jambo lililokuwa likitendeka mara kwa mara, au hali iliyokuwepo, ambayo sasa haipo. “I used to carry bags on Kilimanjaro”: nilikuwa nabeba mizigo Kilimanjaro. “She used to be shy”: zamani alikuwa na haya. Kiswahili sanifu kinaifanya kazi hii kwa “alikuwa akija”, “tulikuwa tukicheza”, au kwa mdomo wa kila siku, “alikuwa anakuja”. Tofauti ni uzito wa ule mkia. Ukisema “alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi” msikilizaji anaweza kungoja uendelee. Mwingereza akisikia “he used to come here every Saturday” ameshafunga faili: haji tena. Unaweza kuufuta mkia huo ukitaka, kwa mfano “she used to teach here, and I think she still does”, lakini lazima uufute kwa maneno. Ukinyamaza, umebaki.

Kuna Kiswahili kimoja kinachoubeba mkia huo vizuri kuliko sanifu, nacho ni kile cha mtaani ambacho walimu wangu walikuwa wanakichapia. Ni ile -ga. “Alikuwaga mpole.” Sikiliza: mtu akikwambia “alikuwaga mpole”, huhitaji kuuliza siku hizi yukoje. Hiyo ndiyo “he used to be gentle”, haijapungua hata chembe. Nairobi wana ya kwao yenye -nga, na kazi ni ileile. Mimi darasani nairuhusu, tena naitumia kama kipimo. Sema sentensi yako kimtaani kwanza. Ikitoka na “-likuwaga”, chukua “used to” bila woga: “tulikuwaga tunaishi Mwanza”, “we used to live in Mwanza”. Ikitoka na -ga bila “likuwa”, kama “tunachemshaga maji”, kaa mbali na “used to” kabisa. Hapo Kiingereza kinataka kitenzi chake kikiwa uchi: “We boil the water.”

Wanafunzi wangu hawaiamini sentensi hiyo. Wanaiona fupi mno, kama inasema tunachemsha sasa hivi. La. Cha sasa hivi ni “we are boiling”. Kitenzi kitupu cha wakati uliopo ndicho hu- ya Waingereza, na ndiyo maana vitabu vyao vya sayansi vinaandika “water boils at 100 degrees”, maji huchemka kwa nyuzi 100. (Usawa wa bahari, hiyo. Pale Shira yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi, ndiyo sababu huko juu unaambiwa uyaache yatokote dakika tatu, si moja.) Ukitaka kutilia mkazo, ongeza “always” au “usually”. “We always boil the water, madam,” na supu ingenywewa kwa amani.

Sehemu hii ya kwanza ina vichaka viwili vidogo. Kimoja ni hesabu. “Used to” haipendi kuhesabiwa wala kupimwa muda. Huwezi kusema “I used to go to Zanzibar three times”, wala “I used to live in Dodoma for five years”. Ukishajua idadi au urefu, jambo limekuwa tukio lenye mipaka na Kiingereza kinalitaka kwa njeo ya kawaida: “I went three times”, “I lived there for five years.” “Used to” inachora kitu kilichokuwa kikijirudia au kudumu bila kuweka nguzo mwanzo na mwisho.

Kichaka cha pili ni “would”, mwenzake wa karibu, na huyu anawaumiza hasa wanaotafsiri. “Every evening my grandmother would sit outside and shell beans.” Kwa kuwa “would” tulifundishwa kuwa ni -nge-, mwanafunzi anaandika “kila jioni bibi angekaa nje na kumenya maharage”, na msomaji anabaki akingoja sharti ambalo halipo: angekaa kama nini? Hakuna “kama”. Ni “bibi alikuwa akikaa nje kila jioni, akimenya maharage”. Masimulizi ya Kiingereza mara nyingi huanza na “used to” mara moja ili kuufungua mlango wa zamani, halafu “would” inaendelea ndani. Ila “would” inabeba vitendo tu, haibebi hali. “We used to live in Mwanza” inafaa. “We would live in Mwanza”, kwa maana ya zamani tuliishi huko, haisimami.

Kazi ya pili ndiyo zoea yenyewe, na hapa neno letu linafanya kazi yake halali. “I am used to the cold.” Nimezoea baridi. Tazama kilichobadilika: mbele ya “used” kumekaa “am”. Hiyo “am” inageuza kila kitu. “Used” hapa si kitenzi tena, ni sifa ya mtu, kama “tired” kwenye “I am tired”. Na Kiswahili kinaliona jambo kwa jicho hilohilo, maana tunasema “nimechoka”, “amelala”, “nimezoea”, kwa -me- ya hali aliyomo mtu sasa, si ya tendo analolitenda. Anayeona kwamba “nimezoea” ni ndugu wa “nimechoka” hatasahau tena kuweka “am”, “is” au “are”.

Tatizo linaanza anapotaka kusema amezoea kufanya jambo. Nimezoea kuamka mapema: “I am used to wake up early”? Au “waking up”? Jibu ni “waking up”, na hapa ndipo ninapotumia muda mrefu darasani, maana watu wengi wanalikariri bila kujua sababu, na kilichokaririwa kinaanguka siku ya usaili.

Sababu iko kwenye “to”. Kuna “to” mbili. Moja ni kipande cha kitenzi, ile ya “to eat”, “to go”. Nyingine ni kihusishi, ile ya “to Arusha”, “to my mother”, inayotaka jina mbele yake. Kwenye “I used to carry”, “to” ni ya kwanza. Kwenye “I am used to the cold”, ni ya pili, inadai jina, na “the cold” ni jina. Ukitaka kuweka tendo mahali pa jina, huna budi kulivisha nguo za jina, na kwa Kiingereza nguo hizo ni -ing. “Waking up” ni uamkaji, kama ungetaka kulazimisha.

Na kwa nini Mswahili aikosee? Kwa sababu ku- yetu ni ya pande zote mbili. “Kuamka” ni kitenzi ukisema “nataka kuamka”, na ni jina ukisema “kuamka kwangu mapema kunawaudhi majirani”. Ina ngeli yake, ina upatanisho wake, ina “kwangu” yake. Sisi hatubadilishi nguo kwa sababu kuna vazi moja la shamba na la harusi. Kwa hiyo “nimezoea baridi” na “nimezoea kuamka” kwetu vinaonekana sawa tu, na kweli viko sawa: “kuamka” pale limekaa kwenye kiti cha “baridi”. Mwingereza naye anakiona kiti hichohicho, ila anamtaka anayekikalia abadilishe nguo. Ukipata shaka, jaribu kuweka “it”. “I am used to it” inakubali, basi ni kiti cha jina, leta -ing. “I used to it” haikubali, basi ni kitenzi kitupu kinachotakiwa. Kipimo hiki hakijawahi kunidanganya.

Kama “am used to” ni nimezoea, basi kuelekea huko ni “get”. “You’ll get used to it”, utazoea. “I’m getting used to the altitude”, naanza kuuzoea mwinuko. Kwenye mlima sentensi hii ina kazi kila siku, kwa kuwa mwili unahitaji siku kadhaa kukubaliana na hewa nyembamba, na mgeni mwenye kichwa kinachomgonga anataka kuambiwa kwamba atazoea. Mwongozaji mmoja mwanafunzi wangu alikuwa anamfariji mgeni kwa kusema “Don’t worry, you used to it.” Nia njema. Mgeni akabaki anahesabu ni lini.

Mtu anaweza kuuliza kama tofauti ya kazi hizi mbili ina uzito wowote nje ya mtihani. Nadhani ina uzito, na sentensi hii inaubeba vizuri: “I used to get up at four, but I never got used to it.” Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, lakini sikuwahi kuzoea. Kila aliyewahi kuwa mgumu ataielewa. Kufanya jambo miaka mingi na kulizoea ni vitu viwili. Kiswahili nacho kinajua hivyo, ila “alizoea kuja hapa” yetu huvifunga vyote kwenye kanga moja: inaweza kuwa alikuwa na kawaida ya kuja, inaweza kuwa kuja kulikwisha kuwa kwepesi kwake. Mwenye kutafsiri lazima aifungue kanga aone kilichomo kabla hajachagua.

Kazi ya tatu haihusiani na mazoea hata kidogo. Ni “use” ya kutumia. “A panga is used to clear the path”, panga hutumika kufyeka njia. Nayo ina “is” kama “I am used to”, lakini panga halijazoea kitu. Linatumika. Na kitenzi kinachofuata hapa ni kitupu, “to clear”, maana “to” inaeleza lengo: ili kufyeka. Kwa maandishi, “is used to clear” na “is used to clearing” vinatofautiana kwa -ing peke yake. La kwanza ni la panga, la pili ni la mwenye panga.

Sasa masikio. Yote niliyoeleza yanakuwa mepesi ukijua siri moja ambayo vitabu vingi vya shule vinaipita kimya: wenyeji hawatamki haya maneno kwa namna moja. “Used” ya kutumia ina z, “yuzd”. Ndiyo hiyohiyo ya matangazo ya Kariakoo ya simu used kutoka Dubai. “Used to” ya mazoea, zote mbili, ile ya zamani na ile ya “am”, ina s: “yustu”, au kwa haraka “yusta”. Ile d imezimika kabisa.

Imezimwaje? Na jirani. Z na d ni sauti ghuna, koo linatetema unapozitamka. Weka vidole shingoni utasikia. T ya “to” haina mtetemo. Maneno mawili yakitamkwa pamoja kila siku kwa karne nyingi, t inaivuta d ifanane nayo, na z inafuata, ikawa s. Usiwacheke. Sisi tunasema kitu kirefu lakini nyumba ndefu, r ikageuka d kwa kukaa karibu na n. Ulimi mmoja, ndimi nyingi. Majirani hufundishana tabia. Waingereza wamefanya vivyo hivyo kwenye “have to”, ambayo midomoni mwao ni “hafta”, v ikiwa imezimwa ikawa f.

Faida yake? Sikiliza sentensi hii: “This is the knife I used to cut bread with.” Kwenye karatasi ina maana mbili. Ukiisoma kwa z, ni kisu nilichokatia mkate, labda asubuhi ya leo. Ukiisoma kwa s, ni kisu nilichokuwa nakatia mkate zamani, sasa nina kingine au nimeacha mkate. Hakuna alama ya uandishi itakayokuokoa, sikio tu. Au pima hizi: “the money I used to pay the fees”, pesa niliyotumia kulipia ada, kwa z, “the fees I used to pay”, ada niliyokuwa nikilipa, kwa s. Nikizisoma darasani huku nimewageuzia mgongo, wiki ya kwanza wanabahatisha, wiki ya tatu hawakosei.

Kifo cha ile d ndicho kinachozaa kosa la tahajia unaloliona kila mahali, “I use to live here”. Mwandishi ameandika alichosikia. Lazima iwe “used”. Lakini ukija kwenye kukanusha na kuuliza, kibao kinageuka: “I didn’t use to like fish”, “Did you use to live here?” Hapa d imeondoka kihalali, kwa sababu “did” imeshabeba wakati uliopita na kitenzi baada yake hurudi utupu, kama vile hatusemi “did you went”. Hiyo ndiyo kanuni. Ukweli wa mtaani ni kwamba wenyeji wengi sana huandika “didn’t used to”, hata waliosoma, kwa kuwa kwao “used to” imeshagandana kuwa kipande kimoja, na kwa sikio hakuna tofauti. Kwenye mtihani andika “didn’t use to”. Ukitaka kuukwepa ugomvi wote, sema “I never used to like fish”, na hakuna atakayekusahihisha. Wazee wao walikuwa wakisema “I used not to”, hata “usedn’t to”. Ukiitumia leo utaonekana umetoka kwenye sanduku la marehemu babu.

Nikirudi kwa mpishi wetu, nina la kumtetea, na si utani mtupu. “Use” iliingia Kiingereza pamoja na maneno mengi ya Kifaransa baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, nayo Kifaransa kilikuwa kimeirithi kutoka Kilatini. Tangu zama hizo ilikuwa na sura mbili, kutumia kitu na kuwa na desturi ya kufanya jambo, na ile ya desturi ilikuwa ikinyumbulika vizuri kwa wakati uliopo. Fungua Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, Zaburi 119, mstari wa 132. Mtunzi anamwomba Mungu amrehemu “as thou usest to do unto those that love thy name”, kama ilivyo desturi yako kuwatendea walipendao jina lako. “Usest to do.” Wakati uliopo. Hu- kabisa! Baadaye umbo hilo la leo likafa, likabaki la jana peke yake, kama nyumba iliyobomoka ukasimama ukuta mmoja. Kwa hiyo mzee hakuwa anasema upuuzi. Alichelewa miaka 400 tu. Na hayuko peke yake, maana kuna watu huko Singapore wanaosema “use to” kwa jambo wanalolifanya mpaka leo, na wao kwa wao wanaelewana bila shida. Shida ni pale aliyezaliwa na “used to” ya London au Chicago anapokaa upande wa pili wa meza na kikombe mkononi.

Kuna matumizi moja nayapenda kuliko yote, na Mswahili anayapata bila jasho kwa sababu tunaishi ndani yake. Ni “there used to be”. Sisi ndio mabingwa wa kuelekeza watu kwa vitu visivyokuwepo. Shuka palipokuwa na mwembe. Kata kushoto lilipokuwa duka la yule Mpemba. Dar es Salaam, tangu mabasi ya mikoani yahamishwe kutoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, mpaka leo kuna anayekuelekeza kwa “stendi” akimaanisha Ubungo ya zamani. “Get off where the bus terminal used to be.” Hiyo ni sentensi ya Kiingereza safi, na angalia inavyomalizika: “used to be”, na hakuna kingine. Mara nyingi “used to” hubaki ikining’inia hivyo mwishoni, kitenzi kikiwa kimemezwa: “I don’t climb as fast as I used to.” Sipandi kwa kasi kama zamani. “Zamani” yetu inatosha kutafsiri nusu ya “used to” zote za duniani, na sijui kwa nini hatuifundishi mapema.

Mzee aliacha mlima miaka michache iliyopita, magoti yalimkatalia. Ana kibanda karibu na lango la Machame, anauza ndizi, biskuti na glovu kwa wagumu wanaosahau za kwao. Mwezi uliopita nilisimama kununua maji, wageni wawili wakawa wanamuuliza kama naye ni mwongozaji. Akawaambia hapana, alikuwa mpishi. Kisha akanitupia jicho, akajifuta mikono kwenye aproni, akasema kwa ile sauti yake ya hema la kulia: “I used to boil the water.”

“Sasa hiyo ni sahihi, Mzee,” nikamwambia.

“Nilikuwa nasema hivyo tangu zamani, dogo,” akajibu, akanirudishia chenji.